Kibao Chekundu cha Weston

Bibi Verlene Stiles hakuwahi kuhubiri, kuimba hakujaliwa, na kuogelea kwenyewe alikujua kwa shida. Kazi yake ilikuwa moja: kulinda ubao. Kwa miaka thelathini na nne, kila kiangazi, aliketi kando ya ziwa katika kambi ya watoto ya kanisa, huko milimani Arkansas, kipenga shingoni, akivitazama vibao vya majina vilivyotundikwa kwenye misumari ya ubao huo. Mtoto akiingia majini anageuza kibao chake upande mwekundu, akitoka, mweupe. Basi. Lakini jaribu kupita bila kugeuza uone!

"Wewe, Mfalme Sulemani!" angemwita aliyesahau. "Rudi hapa. Hekima yote hiyo umeiacha majini?"

Kuna waliosema ile ni kazi ya kumpa mzee mahali pa kukaa. Mwanawe mwenyewe alimwambia, "Mama, si upumzike tu? Wanakuonea huruma." Maneno hayo yalimuuma, ila kesho yake akarudi kwenye ubao.

Jumatano moja ya Julai, kipindi cha kuogelea kilipokwisha, vibao vyote vilikuwa vyeupe isipokuwa kimoja. Weston Pruitt, miaka minane, mwembamba, meno ya mbele hana, ndiyo kwanza mwaka wake wa kwanza kambini.

"Weston!" "Weston Pruitt!"

Kwenye mstari wa watoto waliotoka majini hayupo. Chooni hayupo. Bibi Verlene akakumbuka: aliinama kumfunga msichana mmoja kamba za viatu, macho yakaacha ubao. Dakika moja tu, jamani!

Akapuliza kipenga mara tatu.

Pale kambini, kipenga mara tatu maana yake mtoto yuko chini ya maji mpaka ijulikane vinginevyo. Watoto wanaketishwa nyasini waimbe, wasije wakapiga mayowe. Kila mtu mzima anaingia ziwani, wanashikana viwiko, mstari mmoja tangu ukingoni hadi kwenye kina, wanatembea polepole wakipapasa tope kwa nyayo. Siku hiyo walimu wa zamu walikuwa sita. Ziwa lile linataka watu kumi na wanane.

Wengine wakatoka wapi? Muuguzi alikuja mbio na glavu mkononi. Akaja dereva wa basi, wakaja akina mama waliokuwa wakipanga viti. Na juu ya paa la kanisa alikuwapo Harlan Buckner, fundi, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, ambaye wilaya nzima ilijua kanisani hakanyagi. "Mimi na Mungu hatusemezani," ndivyo alivyozoea kusema. Aliposikia kipenga, aliitupa nyundo, akashuka ngazi, akakimbia na mabuti yake hadi majini, kiwiko amekitoa tayari.

"Warefu huku kwangu!" akafoka. "Wafupi ukingoni! Taratibu, mtatibua tope!"

Nani alimwambia? Hakuna. Alifundishwa na Bibi Verlene akiwa na miaka kumi, ukingoni palepale, katika zoezi la kila Jumatatu. Dereva naye vilevile. Muuguzi naye vilevile. Karibu wote waliokuwa majini walikuwa watoto wa ubao ule.

Bibi Verlene alibaki ameshika kile kibao chekundu. "Ee Bwana," alisema kwa sauti, bila haya, "kama unataka mtu, nipo mimi. Mtoto muache."

Mstari ukapita mara moja. Hola. Wakageuka kupita tena, na nyimbo za watoto zikaanza kukatika.

Ndipo mpishi akatokea jikoni, anamvuta mtoto kwa mkono.

"Bibi Verlene! Huyu hapa! Nimefungua stoo kutafuta unga wa mahindi, namkuta kapiga magoti kati ya magunia!"

"Mwalimu alisema," Weston akalia, "ukitaka kusali ingia chumba cha ndani ufunge mlango! Mimi naogopa maji marefu. Niligeuza kibao, kisha nikatoroka kabla ya kuingia. Nilikuwa naomba kesho mvua inyeshe."

Lo! Bibi Verlene alimkumbatia, akamtikisa, akamkumbatia tena. "Nitakuchapa! Hapana, sikuchapi. Asante Yesu! Njoo hapa, mtundu wee!" Alicheka huku machozi yanamtiririka.

"Omba jua, bwana mdogo!" Harlan alipaza sauti, maji yamemfika kifuani. "Paa la watu nimeliacha wazi!"

Kicheko kilivuma ziwa zima. Lakini hakuna aliyeachia kiwiko cha mwenzake, kwa sababu haachii mtu mpaka mwenye ubao apulize.

Weston alijifuta kamasi, akautazama ule mstari wote.

"Bibi, wote wale walikuwa wananitafuta mimi?"

"Wewe."

"Hata yule wa mabuti? Si hanijui."

"Kwani lazima akujue? Yule naye nilimfunza akiwa kama wewe. Haya, na wewe ukifika umri wake, ukasikia kipenga mara tatu, utafanyaje?"

Mtoto aliyatazama yale maji.

"Nitaingia," akasema. "Lakini upande wa wafupi."

"Panatosha, baba," akasema Bibi Verlene, akapuliza kipenga, wakatoka.