Fungua Boneti Kabla ya Kahawa

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa na watu na kelele. Siku hiyo hakuolewa mtu. Nilikwenda Darsait, mtaa wa hapa hapa Maskati, kuichukua gari yangu gereji, basi. Nilikuwa sina haja ya kukuhadithia, lakini jana nimekuona umerudi hapa Bawshar na gari imetoka kwa fundi, umeshuka na mkoba wako, simu sikioni, wala gari yenyewe hukuitupia jicho. Nikasema hii haiwezi kungoja.

Wakati huo nilikuwa msichana, mwalimu mpya wa skuli moja Ghubra, na ile gari ndogo nyeupe ndiyo mali yangu ya mwanzo duniani. Niliinunua kwa jasho langu, lakini ruhusa ya kuiendesha ilikuwa ya baba yangu, Mungu amrehemu. Baba hakuwa mkali, alikuwa na khofu. Aliamini kwamba gari zote hungojea mwanamke awe peke yake barabarani ndipo ziharibike. Basi akaniwekea sharti mbele ya nyumba nzima: siku gari itakaponilaza njiani, ufunguo unakwenda kwa kaka yangu Mbarak, naye ndiye atakayenipeleka skuli na kunirejesha. Na Mbarak unamjua. Mpaka leo ukimwambia saa mbili anakuja saa nne, na njia nzima anakuhubiria. Kwa hiyo ile gari nilikuwa naichunga kama mboni ya jicho, na ulipokaribia wakati wake wa kubadilishwa oili nikaipeleka mapema.

Niliipeleka kwa Ami Khalfan. Huyu alikuwa mwenzake baba tangu Unguja. Walisoma chuo cha Kurani pamoja, wakala sahani moja, na walipokuja Maskati wakawa jirani tena. Alikuwa na gereji ndogo, mafundi wachache, na busati lake la kahawa mlangoni. Na watu wetu unawajua: kwa Ami Khalfan hukuwa unakwenda kuchukua gari, ulikuwa unakwenda ugeni. Kwanza kahawa, halafu halua, halafu kuulizana hali ya kila aliye hai, na mwisho kabisa, umeshasahau ulichokuja kufanya, ndipo unapopewa ufunguo. Mafundi nao huitwa waje kunywa, maana mwenyewe hakupenda mtu akae na kiu mbele yake.

Siku hiyo nilifuatana na shangazi yangu, Bi Zuwena. Yeye hakupata kushika usukani maishani mwake, wala hakutaka. Lakini alikuwa na tabia iliyonitia aibu kila tulipotoka: hachukui kitu mpaka akikague mbele ya aliyekitengeneza. Samaki atamfunua shavu. Nguo kwa mshoni ataigeuza ndani nje, avute kila mshono. Mara moja alipewa dawa ya kikohozi akaifungua palepale, akainusa, na daktari anamtazama. Basi tulipomaliza kahawa akaniambia, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Hebu wafungue tuone walichokifanya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamfinya mkono chini ya baibui, nikamwambia twende zetu. Vipi nitamfungulia boneti mtu mzima mbele ya mafundi wake, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, na halua yake bado iko mdomoni mwangu? Niliona muhali, mwanangu, ile haya ya kumkatalia au kumuuliza mtu. Muhali ndio ugonjwa wetu. Ndio unaotulisha tukiwa tumeshiba, na kutuvisha viatu vinavyobana kwa kuwa mwenye duka ni jirani. Nikashukuru, nikashukuru tena, nikaondoka.

Hatukufika mbali. Tulipokuwa tunaelekea Ruwi shangazi akaanza kunusa. Nikamwambia ni harufu ya barabara. Akanusa tena, na mara moshi mwembamba ukatoka pembeni mwa boneti. Hapo hata mimi sikuweza tena kuisingizia barabara. Nikaegesha kando na kuzima. Na nakwambia kweli, sikuogopa moto. Nilimwona Mbarak amekaa kwenye kiti changu, ananihubiria.

Kuifungua boneti nako kulikuwa kazi, kwa sababu sikupata kuifungua hata siku moja. Nikavuta huku, likafunguka buti. Nikavuta kule, kikafunguka kifuniko cha petroli. Watu wanapita wanatutazama, shangazi anacheka mpaka anashika ubavu. Mwisho boneti ikakubali. Oili ilikuwa imeruka kila mahali. Kifuniko cha pale inapotiliwa hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kimewekwa vizuri kabisa kando ya betri, juu ya tambara, kama kwamba mwenyewe amekitua kidogo akaitwa kunywa kahawa. Na ndivyo ilivyokuwa, tulikuja kuambiwa baadaye.

Nikakirudisha kwa tambara lilelile. Halafu nikamwambia shangazi tungoje ipoe, twende polepole nyumbani, oili nitaongeza kesho, na habari hii tuizike hapahapa. Kwa Ami Khalfan sirudi. Nitamvunjia uso.

Shangazi aliacha kucheka. Akafuta mikono yake taratibu, akanitazama.

"We mtoto, huo si uso wake unaoulinda, ni wako. Ukenda hivi na mashine ikafa, baba yako atauliza imetoka wapi, na ikifika Ijumaa kila mtu atajua kuwa Khalfan kaua gari ya mtoto wa rafiki yake. Ukirudi sasa hivi, tunajua sisi tu. Mficha uchi hazai. Muhali wako huo ndio utakaomfedhehesha yule mzee."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa na haki tangu tulipokuwa kwenye busati, na mtu mwenye haki mara mbili kwa siku moja hapendezi. Lakini nilisimamisha teksi, tukarudi Darsait.

Ami Khalfan alinisikiliza nikimumunya maneno mpaka nikamaliza. Hakukana, hakumtupia mtu lawama. Fundi wake mwenyewe alijishika kichwa, akasema ndiyo, alikiweka pale alipoitwa kahawa, na aliporudi akafunga boneti. Ami akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi nimerudi. Kisha akanigeukia, na karipio lilikuwa langu.

"Lakini mbona hukunambia niifungue hapa hapa? Mimi nna macho mawili tu, mwanangu, na yote yalikuwa kwenye buli la kahawa. Ungenitazamia wewe."

Fikiri mwanangu. Mimi nimeogopa kumvunjia heshima, kumbe yeye alikuwa anahitaji jicho la pili. Akaja mwenyewe mpaka pale tulipoiacha gari, akaongeza oili, akasafisha, akaisikiliza inavyonguruma, akasema haikudhurika. Na tangu siku ile hakuna ufunguo uliotoka kwenye gereji yake mpaka boneti ifunguliwe na mwenye gari aitwe aangalie. Kahawa ikawa baada yake.

Nikadhani yamekwisha. Baada ya Maghribi nikasikia mlango unabishwa, naye ni Ami Khalfan, amekuja kwa baba. Nikasimama nyuma ya pazia kusikiliza. Akamweleza yote, akianza na kosa lake, bila ya kulipunguza. Halafu akasema, "Huyu binti kaja kunambia mimi mwenyewe. Wangapi wangenyamaza kwangu, wakanisema kwa watu?" Baba akaniita, akanyoosha mkono. Nikajua sharti ni sharti. Nikatoa ufunguo wangu, machozi yako karibu. Baba hakuupokea. Alikifungua kiganja, na ndani yake mlikuwa na ufunguo wa gari yake. Akasema, "Kesho ipeleke na hii gereji. Na usiichukue mpaka uitazame." Sikupata kupewa zawadi kubwa kuliko ile, na nimepewa dhahabu.

Basi mwanangu, usidhani kukagua ni kumshuku mtu. Fundi ni binadamu, huitwa kahawa, hupigiwa simu, husahau. Kabla hujawasha gari, mwambie kwa adabu aifungue mbele yako. Tazama vifuniko viko mahali pake, vuta kile kijiti cha kupimia oili, inama uone kama chini kunatona kitu, na kama magurudumu yalitolewa, mwombe akazie nati zake nawe umesimama. Ukitoka, zunguka mitaa ya karibu kwanza uzijaribu breki, usikimbilie barabara kuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukiona kosa rudi siku hiyohiyo, umwambie yeye kwa ulimi mtamu kabla hujamwambia jirani, na kabla ya hilo kundi lenu la kwenye simu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Na katika kazi yako wewe, usingoje watu waone muhali kukuuliza. Waite uwaonyeshe, kosa lionekane likiwa bado dogo.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na maneno yasiyoumiza, akukutanishe na watu wanaokubali kuambiwa, na kila safari utakayoitoka akurejeshe salama kwa wanaokungoja. Amin. Haya, nenda kaifungue hiyo boneti sasa hivi. Chai yako naifunika isipoe.