Povu la Sabuni

Siku Casimir, mpishi katika nyumba ya mkubwa wa mgodi, alipomwona fundi wa gesi mara ya kwanza, alimkuta amepiga magoti mbele ya meko ya gesi ya kupashia chumba joto, isiyo na dohani, beji ya chama cha wafanyakazi kwenye koti la kazi, akipaka povu la sabuni kwenye viungio vya mabomba kwa brashi ya kunyolea ndevu, aone gesi inapotoa mapovu. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi, ila brashi aliishika kwa upole. Kila kitu alikitafuta kwa macho, akiinama mpaka paji la uso likagusa chuma.

Juni, baridi ilipokaza, alirudi kubadilisha valvu. Povu alilipaka mbele tu. Nyuma, jicho lisikofika, gesi ilikuwa ikivuja. Casimir alipoingia na chai, harufu ya gesi ilimjaa puani, na fundi alikuwa ameinama papo hapo inapovuja, akipiga mluzi, kiberiti mkononi. Casimir, asiyezoea kumgusa mtu, alimdaka mkono.

"Papa, hausikie harufu?"

Fundi alikirudisha kiberiti mfukoni.

"Pua yangu ilikufaka zamani, sababu ya mvuke ya asidi ya ku mgodi. Usimwambie patron, mkubwa wako, ndugu. Atanifukuza, na niko na batoto."

Alikaza nati, akapaka povu upya, pande zote, akafungasha vyombo vyake. Mlangoni aligeuka.

"Kesho niko naenda Kakanda, ku nyumba ingine. Kule nani atanisikilia harufu?"