Babu Gharib Apanga Safari ya Mwanga

Babu yangu Gharib alikuwa fundi cherehani, lakini ungemuuliza angekwambia yeye ni mtu wa safari. Alizaliwa Bagamoyo, akabebwa mgongoni mwa mama yake hadi Tabora, na kabla ndevu hazijaota alikwisha fika Karagwe mara tatu na misafara ya baba yake. Mara ya nne hakurudi. Alijenga Kafuro, pale walipokuwa wamebaki Waarabu wachache na watu wa pwani, akamwoa Mwaja, binti wa mfanyabiashara wa chumvi, akaweka cherehani yake barazani. Kwa miaka ishirini hakusafiri safari ya maana, ila safari yenyewe haikumtoka kichwani. Hata kwenda kukata mkungu wa ndizi alipanga: nani atatangulia, nani atafuata, watapumzika wapi. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba.

Bibi Mwaja alishona kofia, zile nyeupe za vitundu ambazo moja humchukua mtu miezi miwili. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tangu asubuhi mpaka Alasiri, tangu alipokuwa msichana. Jicho la kulia lilizima polepole bila maumivu, naye hakumwambia mtu. Babu aligundua siku alipoiona kofia iliyokwisha valiwa na mteja, maua yake yamepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Yule mteja, kwa adabu zake, alikuwa ameivaa Idi nzima bila kusema neno. Babu aliporudi nyumbani na kuuliza, Bibi alimwambia ukweli wote: la kulia limekwisha, na la kushoto nalo linafifia. Akakadiria litadumu mwaka mmoja, ukizidi sana.

Huo ndio mwaka waliokuja wapima mipaka, wazungu wa serikali mbili, Wadachi na Waingereza, wakirundika mawe juu ya vilima kuonyesha nchi ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi. Kambi yao ilikuwa karibu na mto Kagera, upande wa Murongo, na mahema yao yalichanika, kwa hiyo Babu akaitwa kuyatia viraka. Miongoni mwao alikuwamo bwana mmoja mrefu, mtu wa nchi iliyo kaskazini kupita Udachi, aliyejua Kiswahili cha kuagiza maji na cha kusimulia. Jioni moja alimsimulia Babu kwamba kwao, wakati wa baridi kali, mbingu huwaka mwanga wa kijani unaotembea juu ya vichwa vya watu, na wala hauunguzi kitu.

Babu alirudi Kafuro na habari hiyo, akaitoa sebuleni akitegemea kuchekwa. Bibi hakucheka.

"Mwendo wa siku ngapi?" akauliza.

"Wapi?"

"Huko kwa Bwana mrefu. Nataka kuuona, Gharib, kabla hili la kushoto halijazima. Nimetazama nyuzi nyeupe maisha yangu yote. Nataka kitu kimoja kikubwa cha kuingia nacho gizani."

Mtu mwingine angemwambia mkewe aache utani. Babu yangu alichukua chaki ya kushonea akaanza kuchora njia kwenye meza. Kwa miguu hadi Bukoba, meli ya ziwani hadi Kisumu, gari la moshi hadi Mombasa, na huko wangeuliza. Alipanga mizigo, akapanga atakayelinda cherehani, akapanga hata maneno atakayomwambia nahodha. Aliyemkwamisha ni rafiki yake, Mwalimu Abdulrahim, aliyefundisha Kurani na kutazama falaki, yaani kumtafutia mtu siku njema ya kuanza jambo.

"Bwana wako si amesema huko jua halichomozi miezi miwili?" akauliza Mwalimu.

"Ndivyo alivyosema."

"Sasa Alfajiri utaisali saa ngapi?"

Swali hilo liliwachukua wiki mbili. Walikaa barazani wakitafuna buni, mmoja akisema mtu atafuata saa za Makka, wa pili akisema mtu mwenye akili zake haendi kabisa mahali ambapo jua limegoma. Bibi aliwasikiliza kwa subira, kisha hasira zikampanda, akawaambia jicho lake halitangoja wamalize mjadala.

Aliyewaokoa ni jirani yao Kokushubira, Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, aliyewaletea samli kila Ijumaa. Siku hiyo aliwakuta katikati ya kelele, akataka kujua kuna nini. Walipomweleza, aliweka kibuyu chake chini.

"Waitu, jamani, mbona mnataka kuhangaika hivyo? Kwetu Isingiro, juu ya kilima cha kaka yangu, ukitazama upande wa machweo giza likianza, unaona mwanga mwekundu angani. Ni mlima unaowaka, mbali huko, Mufumbiro. Hauko kila siku. Huwa unaonekana..."

"Isingiro?" Babu akamkatiza. Uso wake ulikuwa umekwisha ng'aa. "Siku nne tu! Ahsante, mama. Njia naijua. Mengine niachie mimi."

Na Kokushubira, ambaye alifunzwa kutobishana na mtu mzima kwenye baraza lake, akaokota kibuyu akaenda zake.

Ilikuwa mwanzo wa Machi. Bibi alitaka waondoke wiki hiyo hiyo.

"Masika hii?" Babu alishtuka kana kwamba ameambiwa asafiri uchi. "Mwaja, nani ameanza safari masika? Mizigo italowa, mito itajaa, kuni hazitashika moto. Msafara huondoka kiangazi, nchi ikikauka. Baba yangu aliondoka kiangazi, na baba yake pia. Halafu Bwana mrefu kasema mwenyewe, mianga ya mbinguni hutafutwa wakati wa baridi. Baridi yetu sisi ni kipupwe. Tutaondoka Julai."

Bibi aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alikubali kwa sababu alimwona amefurahi. Lakini alikubali kwa shingo upande, maana kila wiki la kushoto lilikuwa linampungukia.

Basi masika ikapita Babu akipanga. Alishona hema dogo la watu wawili. Alimshonea Bibi koti la blanketi lenye bitana, mifuko miwili, na kofia ya kufunika masikio, koti ambalo lingemfaa hata huko kwa Bwana mrefu. Alitafuta wapagazi wawili. Alihesabu kambi: Igurwa watalala, kisha pale, kisha pale. Mwalimu Abdulrahim alipiga falaki yake akapata Alhamisi, jua likishapanda kidogo. Mvua ilinyesha na kukatika, ikanyesha na kukatika, na jioni baada ya mvua anga la Kafuro lilikuwa safi hata ungehesabu miti kwenye kilima cha mbali. Bibi aliketi mlangoni akiitazama miti ile. Mwezi wa Mei aliiona kama kivuli kimoja. Juni hakuiona tena.

Alhamisi ya falaki ikafika, wakaondoka. Sijui safari iliyopangwa vizuri kuliko ile. Hakuna kilicholowa, hakuna kilichovunjika, mito ilivukwa kwa miguu bila kupandisha nguo juu ya magoti. Babu alitangulia na fimbo, Bibi akamfuata ameshika ncha ya pili ya ile fimbo, wapagazi nyuma. Njia nzima majani yalikuwa yakiungua, kwa kuwa wafugaji huchoma nyasi kuukuu kiangazi ili ng'ombe wapate majani mapya. Bibi alikohoa. Babu alisifu ukavu wa njia.

Siku ya nne waliingia kwenye mji wa Kyaruzi, kaka yake Kokushubira, mtu wa ndizi na ng'ombe. Aliwapokea kwa maziwa, akawaonyesha mahali pa kupiga hema, wala hakuuliza wamefuata nini, kwani mgeni haulizwi siku ya kwanza. Walisali Magharibi, wakapanda kilimani, wakakaa wameelekea machweo. Bibi alikuwa ndani ya koti lake. Walikaa hadi Isha, wakashuka bila kuongea. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu giza lilipokuwa limeshika sawasawa, Bibi alimgusa Babu mkono.

"Gharib, unauona?"

Babu alikodoa macho gizani.

"Niambie tu. Unauona?"

"Sioni."

"Huoni kabisa?"

"Wallahi sioni kitu, Mwaja. Hata kilima cha pili sikioni."

Bibi alicheka mpaka akalia. "Alhamdulillahi," akasema, "Alhamdulillahi, siku tatu nadhani ni jicho. Siku tatu naogopa kukuuliza."

Hivyo ndivyo Kyaruzi alivyowakuta, mmoja anacheka anafuta machozi, mwingine amejiinamia. Walimweleza walichofuata. Aliwatazama kwa mshangao wa kweli.

"Kiangazi hiki? Huu wote mbele yenu ni moshi, waitu. Ule mwanga tunauona wakati wa mvua, mvua ikishanyesha ikasafisha. Masika iliyopita ulionekana karibu kila jioni, hata watoto wakauchoka."

"Dada yako mbona hakutwambia?" Babu akauliza, kwa ukali kidogo.

"Labda hakuulizwa," Kyaruzi akajibu kwa upole.

Babu alikaa chini kwenye majani makavu. Alikuwa anahesabu, naye Bibi alijua anahesabu nini: Machi, Aprili, Mei. Miezi mitatu ya anga safi na jicho linaloona bado, wao wamekaa Kafuro wanangoja nchi ikauke. Sisi watu wa pwani tuliamini kwamba safari ni yetu, tumezaliwa nayo, na wenyeji wana ndizi zao tu. Nasema "sisi" kwa sababu mpaka leo ugonjwa huo haujatutoka.

Usiku ule, hemani, Babu alisema wapumzike kesho, kisha warudi nyumbani, halafu waje tena vuli.

"Mimi sirudi," akasema Bibi. "Tutangoja mvua hapa hapa."

"Chakula chetu ni cha siku kumi."

"Kwa hiyo watu hapa wanakula mawe?"

Wakabaki. Wapagazi walirudi Kafuro. Babu yangu, aliyeandaa kila kitu, alikaa kwenye mji wa watu bila mpango wowote. Aliwashonea nguo kwa mkono, akapewa ndizi na maharage, na kila asubuhi alimtafuta Kyaruzi kumuuliza: upepo huu unaleta nini, mawingu yale ni ya mvua, mvua ya kwanza hunyesha lini? Aliuliza mpaka watoto wa pale wakamwiga. Walikuwa wanashindana sasa, mvua na jicho, na hakuna fundi wa kuharakisha mvua wala kuchelewesha giza.

Katikati ya Agosti Bibi alimimina maziwa pembeni ya bakuli. Babu aliyafuta kwa kitambaa, wala hawakulizungumzia. Wiki iliyofuata alipeleka mkono karibu mno na moto, Babu akausogeza, na hilo pia hawakulizungumzia.

Mvua ilikuja Septemba, siku mbili mfululizo. Ya tatu ikakatika Alasiri, na kilima cha pili kikatokea, na cha tatu, na vingine nyuma yake ambavyo Babu hakujua kama vipo. Walisali Magharibi, wakapanda. Njia ilikuwa na utelezi, akamshika mkono badala ya fimbo. Wakakaa mahali pao, Bibi ameinua uso.

Giza lilipoingia, Babu aliuona. Ulikuwa chini kabisa ya anga, mwekundu, mpana kuliko alivyodhani. Alimtazama mkewe. Uso wake ulikuwa umeelekea pembeni kidogo, upande ambao hapakuwa na kitu.

Alifikiri kusema haupo. Lingekuwa jambo rahisi, na Bibi angeshukuru Mungu kama ile mara ya kwanza.

"Unauona," akasema Bibi. Hakuwa anauliza. "Umeacha kuvuta pumzi."

"Nauona."

Bibi akalivuta koti lake kifuani.

"Nisamehe, Mwaja," Babu akasema. "Masika ungeuona. Yule mama alitaka kuniambia, nikamkatiza. Nimekunyima mimi."

"Ndiyo, umeninyima wewe," Bibi akasema. "Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nieleze. Mwekundu gani?"

Babu hakuwa mtu wa maneno mazuri. Alijua nguo. "Chini ni kitambaa cha bendera, kile chekundu," akasema, "bendera mpya, haijafuliwa hata mara moja. Ikipanda inapauka, kama ile iliyokaa juani dukani. Juu kabisa ni zambarau, halafu kaniki nyeusi tupu."

"Unatulia au unatikisika?"

"Unatulia. Hapana. Ngoja. Unapanda na kushuka, polepole."

"Mpana kiasi gani?"

Babu akachukua mikono miwili ya Bibi, akainyoosha mbele, akaitanua mpaka ikatosha, kisha akaigeuza kidogo ielekee panapostahili. Bibi aliishikilia hivyo hivyo hewani kwa muda mrefu, akiupima, mpaka mabega yakachoka akaishusha.

"Sasa nyamaza," akamwambia. "Utazame. Na wewe hujapata kuuona."

Babu akanyamaza, akautazama, na hakuondoka pale mpaka Kyaruzi alipopanda kuwaita chakula.