Kiti cha Bi Zuwena Mbele ya Hadubini

Sikiliza, mwanangu unayeanza kazi ya maabara, nikueleze habari ya kiti nilichokitamani mpaka nikastaafu.

Siku yangu ya kwanza, pale mjini, Mkuu wa Maabara alitupa mimi na Bi Zuwena mabuu ya nzi wa matunda, madogo kama punje za mchele. Tuyapasue kwa vibano, tutoe utumbo mzima. Seli za utumbo hutandazwa kwenye jeli, unapitishwa umeme, kisha hutazamwa kwa hadubini. DNA iliyo salama hubaki duara. Iliyokatika hukokotwa na umeme, ikaacha mkia kama kimondo. Mkia ukirefuka, ujue imeumia sana. Ndivyo tulivyopima dawa gani ina madhara.

Utumbo wangu ulichanika.

"Bwana Haji, unachinja ng'ombe?" Mkuu aliuliza.

Wa Bi Zuwena ulitoka mzima. Akapewa kiti cha hadubini. Mimi nikapewa chupa za kufugia nzi. Tangu hapo, kila akicheka nikiona ananicheka mimi.

Asubuhi moja tukingoja wageni, nzi wa kulinganishia, ambao hatukuwapa dawa yoyote, walionyesha mikia mirefu. Nikanusa pamba ya kuzibia chupa yao.

"Mkuu, inanuka udi!"

"Nimefukiza mimi," alisema Bi Zuwena. "Wageni waja, chumba chanuka ndizi mbovu. Tungewapokeaje?"

Nikajisemea: Leo kiti changu!

"Huenda ni moshi, huenda sio," alisema Mkuu. "Zuwena, rudia kwa nzi wapya. Na wewe Haji, acha kutabasamu, lete chupa."

Nilizileta, nikasimama nyuma yake nimenuna. Ndipo nikaona: hakumvuta buu. Alimshika mdomoni kwa kibano kimoja, mwilini kwa kingine, akaachanisha polepole huku amezuia pumzi.

Mikia ikatoweka. Kiti kikabaki chake. Lakini tangu siku ile na mimi nikitoa utumbo mzima, japo yeye alinishinda kwa wepesi.

Sasa sote tumestaafu, mimi niko Kiembe Samaki, yeye Jambiani. Vijana wa maabara wakikwama humpigia simu yeye, na nikisikia hunichoma bado. Wivu hauna pensheni. Ila huwa haukosei kukuonyesha fundi ni nani.

Kwa hiyo kesho ukiingia maabara, mtafute anayekushinda, simama nyuma ya bega lake, umtazame vidole.