Mada Yangu Kuhusu Nuru, Niliyoitoa Chooni

Mwaka wa pili wa korona nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ughaibuni, mjini Parramatta, ingawa chuo kilikuwa kimefungwa na Parramatta yenyewe niliiona kwenye kompyuta tu. Nilikaa Mount Druitt, kitongoji kisicho mbali na hapo, na dada mmoja Mkenya, muuguzi wa zamu za usiku. Fleti yetu ilikuwa chumba kimoja: kitanda, jiko na meza vikitazamana. Yeye alilala mchana, mimi usiku, kwa hiyo kitanda kilitutosha. Shida ni kwamba dada hakuweza kulala pakiwa na mwanga hata wa tundu la sindano. Alifunika dirisha kwa mablanketi mawili, akayabana kwa utepe wa gundi.

Asubuhi moja ilinipasa kutoa mada mbele ya darasa, kwa mtandao. Mada yenyewe ilikuwa nuru na giza katika mashairi ya Zama za Kati: jinsi washairi wale walivyoichora nafsi ikihangaika kutoka kwenye giza la dhambi, ikijikwaa, ikiinuka, ikielekea kwenye mwanga.

"Dada, naomba nifunue kablanketi kamoja, nusu saa tu," nilimwambia.

"Ukigusa hiyo blanketi nakuhamisha," alijibu, macho yamefumbwa. "Nimetoka shifti sai."

Nikabeba kompyuta hadi chooni. Huko nako taa na feni ya kufyonza hewa zilitumia swichi moja, na feni ile ilinguruma kama lori. Nikaketi juu ya kifuniko gizani, nikajimulika kidevuni kwa tochi ya simu.

Mwalimu wetu, mzee mpole, aliniangalia kwa wasiwasi. "Umeme umekatika huko?"

"Hapana, mwalimu. Nimechagua giza kwa makusudi, liendane na mada."

Uongo ulinitoka bila hata kuubembeleza. Darasa likaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nikaendelea kusoma, na nilipofika pale nilipoandika kwamba kwa washairi hawa uongo ndio giza zito kuliko yote, nikasoma mbio mbio nipite.

Mara mlango ukafunguliwa. Taa ikawaka, feni ikanguruma, na dada akasimama nyuma yangu na kofia yake ya kulalia, amebana miguu kama mkasi.

"Toka! Nimebanwa!"

Nikazima kipaza sauti, nikatoka mbio na kompyuta kifuani, nikajibanza karibu na jokofu. Nilipokiwasha tena, darasa zima lilikuwa linapiga makofi.

"Ajabu kabisa," mwalimu alisema. "Nuru inaingia ghafla, nafsi inatimuliwa kutoka gizani. Na yule mama amesema nini kwa lugha yenu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Amesema: ondoka hapo ulipo, nafsi imelemewa."

Mwalimu akaandika.

Siku tatu sikuwa na raha. Kila nilipofungua insha yangu ya mada ile ili niimalizie, nilikutana na maneno yangu mwenyewe kuhusu ukweli, nikaifunga. Siku ya nne nikamwandikia mwalimu yote: blanketi, swichi, feni, kibofu cha dada. Nikaomba radhi, nikangoja adhabu.

Alijibu jioni ileile. Alisema amecheka hadi mkewe akaja kumtazama, kwamba atasahihisha insha tu na si maigizo, ila tafsiri yangu haikuwa mbali sana na ukweli.

Nikamsomea dada ile barua akijiandaa kwenda kazini. Nilidhani atanirukia.

"Kwa hivyo mimi ndiyo nuru?" aliuliza, akifunga kamba za viatu.

"Kwa darasa zima, dada."

"Na walikuona umetoka mbio?"

"Wote."

Akasimama, akavaa barakoa. "Sawa. Wakikupea maksi, nusu ni zangu."