Juu ya kamba ya nguo

Jirani yangu hapa Vulamba alikuwa anaosha sakafu kwa maji ya klori, nami natazama badminton ya michezo mikubwa ya mataifa kwenye televisheni. Wasichana wawili walikuwa wanarushiana kile kimpira cha manyoya juu ya wavu. Harufu ikaingia dirishani, ikanirudisha uani kwetu Beni, wakati wa Ebola.

Mama alikuwa amekataza mpira na mieleka, sababu watoto hugusana. Dada yangu mkubwa akachomeka manyoya ya jogoo kwenye kipande cha kandambili, tukawa tunayapiga kwa sahani za plastiki juu ya kamba ya kuanikia nguo, kila mmoja upande wake, bila kugusana.

“Kaa upande yako!” alinifokea. “Mu huu muchezo batu habagusanake.”

Homa ikamshika hata hivyo. Kwenye kituo cha matibabu alikaa nyuma ya uzio wake, sisi nyuma ya wetu, na katikati njia tupu iliyolowa klori. Nilitoa yale manyoya mfukoni. Akainua mkono.

“Rusha!”

Nikarusha. Yakaanguka katikati.

“Hapana okota, mutoto,” mlinzi aliniambia. “Ile tutachoma.”

“Lakini umepiga muzuri,” dada akasema.

Walimzika watu wa mavazi meupe, wakinyunyiza klori juu ya sanduku. Sisi tulisimama mbali.

Kwenye televisheni mchezo ukaisha. Wasichana wale wakasogea hadi kwenye wavu, wakapitisha mikono juu yake, wakashikana.

Kumbe mchezo ule huishia hivyo. Sikujua.