Bukta Nyekundu na Kilo za Jumatatu

Ni ule mwaka viwavi walimaliza mahindi shambani, tukala ndizi za kupika mchana na viazi vitamu jioni mpaka watoto wakawa wanaota ugali. Mboga ilikuwa chinsaga, kila siku chinsaga. Kwa chakula hicho mjukuu wangu aliwashinda mbio wasichana wote wa shule yake. Nikipita sokoni Kebirigo nilikuwa natembea katikati ya njia.

Mwalimu wake wa michezo aliwaambia waandike kila mazoezi: nguo walizovaa, viatu, na dakika. Msichana akapata daftari. Jioni anakaa jikoni kwangu, simu aliyopimia dakika mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Baada ya miezi miwili akanisomea.

"Magokoro, sikiza," aliniambia. Magokoro ndiyo nyanya kwa lugha yetu. "Nikivaa bukta nyekundu na viatu vya rangi ya machungwa, nakimbia haraka. Nikivaa bukta nyeusi na viatu vyeusi, niko polepole. Kila wiki."

"Kwa hivyo bukta ndiyo ina miguu?"

"Cheka tu. Daftari ndiyo inasema."

Shida ni kwamba kiatu kimoja kati ya vile vya machungwa tulivyomnunulia mitumba sokoni Keumbu kilikuwa kimeachama soli. Mashindano ya kuchagua timu ya kaunti yalikuwa yamebakisha wiki mbili, Nyamira, siku ya Jumanne, na wawili wa kwanza tu ndio wangechukuliwa. Alilia kama amefiwa. Mwalimu akamtafutia viatu vipya vya kuazima, ambavyo mwenye navyo angeviachia Jumamosi na siku ya mashindano tu, akaja mwenyewe nyumbani kuniomba msichana avijaribu Jumamosi zote mbili.

Sisi ni Wasabato.

"Mwalimu," nikamwambia, "Sabato mtu wangu hakimbii, hata malaika akija kushika saa."

"Mama, atakosa timu."

"Basi akose."

Nilisema hivyo, na msichana alikuwa amesikia yote.

Shule niliachia darasa la tatu, lakini chai nimechuma tangu nikiwa bi harusi. Kilo zangu za Jumatatu ndizo nzito kuliko siku nyingine. Karani wa kituo cha chai hajawahi kusema ni kwa sababu ya kikapu. Kikapu ni kile kile. Majani ndiyo yamekaa Jumamosi na Jumapili bila kuguswa, yakaota. Basi nikaomba nisomewe daftari tena, na siku zitajwe. Nyekundu: Jumapili, Jumapili, Jumapili. Nyeusi: Jumatano, Alhamisi, Alhamisi.

Hapo nikaona. Ijumaa mimi hufua kila kitu kabla jua halijazama. Nyekundu ndiyo anaipenda, kwa hivyo ndiyo anavaa kwanza, baada ya kulala vizuri na kukaa kanisani siku nzima. Ikifika Jumatano au Alhamisi nyekundu inanuka jasho, anavaa nyeusi, na tayari amebeba chai jioni mbili tatu mfululizo akitoka shule.

Sikumwambia kitu. Ijumaa nilifua nyeusi peke yake, nyekundu nikaiacha ndani ya karai na sabuni yake. Jumapili asubuhi akanitukana kwa macho, akavaa nyeusi na vile viatu vyeusi, akateremka mpaka mtoni na kupanda mpaka kanisani. Alirudi akiitikisa simu kama imeharibika.

"Magokoro, umefanya nini?"

"Nimefua nguo."

Alikuwa amekimbia kama siku za nyekundu, na kuzidi kidogo.

Mwalimu alipoambiwa alisema siku moja haitoshi kujua. Ni kweli. Alisema pia kiatu kizito kinachosha mguu. Hilo nalo sikatai, gambuti nimevaa maisha yangu yote. Lakini Jumatatu ile ya kuamkia mashindano nilimwambia akitoka shule alale, na kikapu chake nikabeba mimi juu ya changu. Shingo iliuma siku nne. Jumanne akakimbia na viatu vyeusi, akawa wa pili. Nilipiga kelele uwanjani mpaka askari akaniambia, "Mama, rudi nyuma ya kamba."

Wiki hiyo hiyo mwalimu akaja tena. Sare na viatu vya kaunti vilikuwa vimefika, na timu yote ilitakiwa kukimbia navyo Jumamosi, iandikwe kila mmoja anafaa na vipi.

"Mama, safari hii si mimi nimepanga. Asipofika, yule wa tatu anachukua nafasi yake."

Msichana alikuwa mlangoni na sahani ya viazi. Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hakuyageuza.

"Mjibu, Magokoro," akasema, na mimi nikamgeukia mwalimu.

"Sabato mtu wangu hakimbii, hata malaika akija kushika saa."